Ziwa la Eliasi na Viza ya Baba Yake

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili 1974

Dada yangu Klara,

Kabla hata sijakupa shikamoo, nikuambie alichofanya mwanao Eliasi sasa hivi. Nilijipaka shubiri kwenye ziwa, ile chungu ya sokoni, nikakaa mkekani namngoja aonje akimbie. Amekuja, amenusa, amenitazama kama mtu mzima. Halafu ameshika pindo la kanga yangu, akalilowesha kwa mate, akaifuta shubiri yote taratibu kama anayefuta sahani, akaanza kunyonya. Baba yake alikuwa amekaa kitandani anatutazama. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa shikamoo, dada. Sisi hatujambo, ila mvua za huku ni za ugomvi, uani kwetu maji yamefika vifundoni na Mama Sitara wa chumba cha pili anavukia matofali kwenda jikoni. Sukari ya foleni, mkate wa foleni. Eliasi ametimiza mwaka mmoja na miezi minane, meno kumi na mawili, anasema baba, maji, na hapana. Hiyo hapana anaisema zaidi. Mwenye nyumba wetu, Mzee Bakili, anakusalimu, bado anaukumbuka mchicha wako wa karanga.

Jambo lenyewe ni hili. Wilbert amepata viza.

Unamkumbuka Bi Annelies, yule Mholanzi wa mradi wa visima, ambaye Wilbert alimwendesha miaka mitatu huko Rufiji na Pwani yote. Alirudi kwao mwaka juzi. Sasa ameandika kumwalika Wilbert akatembee. Si masomo dada, si kazi. Kutembea. Tiketi ameshalipa yeye huko huko, na likizo Wilbert anayo, hajachukua tangu tuoane. Nilidhani ubalozi watamkatalia, maana ni nani humpa dereva ruhusa ya kwenda Ulaya kutembea? Wakampa. Mhuri umegongwa tarehe mbili mwezi huu. Umeandikwa kwamba awe ameshaingia Uholanzi kabla ya tarehe thelathini Juni, na akishaingia anakaa miezi miwili. Tarehe hiyo ikipita hajaingia, mhuri umekufa.

Alitaka kuondoka wiki ijayo. Nikamwambia kwa upole kabisa, baba Eliasi, mtoto bado ananyonya, na wewe unajua yaliyosemwa kuhusu baba kusafiri mtoto akiwa ziwani. Akamtazama Eliasi. Halafu akasema, basi tumwachishe kwanza, nitangoja.

Naomba unisaidie, dada. Wewe unapima watoto pale zahanati, neno lako Wilbert analiheshimu. Niandikie barua ambayo naweza kumwonyesha, useme kwamba mtoto wa umri huu akiachishwa kwa haraka ataumia, afadhali afike miaka miwili na nusu. Andika tu hivyo. Mengine niachie.

Mdogo wako anayekupenda,
Evarista


Ndanda
3 Mei 1974

Mpendwa mdogo wangu Evarista,

Marahaba. Barua yako imefika jana, imekaa wiki mbili na zaidi njiani kwa sababu barabara imekatika huko Rufiji na magari yalilala ng'ambo. Sisi ni wazima. Tumekwisha kuhamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, kila mtu na eneo lake lililopimwa kwa kamba. Nyumba yangu ina kuta, paa bado, nimeazima turubai la misheni. Mihogo tuliiacha kule kule, tunaifuata kwa miguu.

Kuhusu mtoto. Mwaka mmoja na miezi minane ni umri mzuri wa kuachishwa. Usitumie shubiri peke yake, mzoeze chakula: uji wa karanga, ndizi ya kuponda, mchuzi wa samaki. Siku tatu atalia sana, siku ya nne atalia kidogo, wiki ikiisha amesahau. Nimeona mamia.

Lile ombi lako la barua sikuweza kulisoma vizuri. Nadhani karatasi ililowa njiani.

Mbona hukuniandikia Bi Annelies ana umri gani?

Nilitengeneza msalaba mpya wa mti wa mninga kwa ajili ya kaburi la Celina, ule wa kwanza umeliwa na mchwa. Mtu akipatikana wa kuuleta nitautuma. Katika barua yako hukumtaja, nami naelewa, lakini mimi nitamtaja.

Msalimie Wilbert.
Dada yako, Klara


Kariakoo
19 Mei 1974

Dada Klara, shikamoo.

Tumefurahi kusikia umepata kuta, Mungu atakupa na paa. Huku tunakula ule unga wa njano wa msaada, Eliasi akiuona anageuza uso ukutani. Msalaba usiutume kwanza. Nitakuambia lini.

Barua haikulowa, dada. Ingelowa, wino ungevuja kote, nawe usingejibu mengine yote bila kukosea hata umri wa mtoto. Ulilisoma. Hutaki tu.

Basi nami nikuambie nisilokuambia. Eliasi hajaachishwa. Baba yake akiwepo napaka shubiri, namsukuma mtoto, namwambia acha, limeharibika. Wilbert akitoka kwenda kazini namchukua Eliasi namwingiza bafuni, lile la mabati uani, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, namnyonyesha mpaka alale. Mara nne kwa siku. Juzi Mama Sitara akagonga bati. Akasema, "Mama Eliasi, mwanamke gani unaoga hivyo na maji yenyewe ya kupanga foleni? Una bwana humo?" Nikamjibu ninaye, ana meno kumi na mawili.

Nacheka ninapoandika, lakini sicheki.

Wilbert ameshabadilisha tiketi mara moja, kutoka Aprili hadi mwisho wa Mei. Jana amekwenda kubadilisha tena. Alipita na ubalozini kuuliza kama viza inaweza kuongezwa siku. Wakamwambia viza ambayo haijatumika haiongezwi. Ikipita ni kuanza upya, barua ya mwaliko upya, kila kitu upya, na wasimwahidi kitu. Amerudi akanieleza hivyo hivyo, bila kunilaumu, kisha akamchukua Eliasi akampa uji kwa kijiko mwenyewe. Mtoto akautema wote kwenye shati la kazi. Akajifuta, akampa tena.

Nilimwuliza huko Uholanzi anafuata nini hasa. Alikaa akafikiri kama mtu aliyeulizwa hesabu. Akasema, "Miaka saba napeleka watu uwanja wa ndege. Nashusha mizigo yao, nawafungulia mlango, nawatakia safari njema, narudi mjini na gari tupu. Nataka mara moja nami nipite kule ndani." Nikasema hayo tu? Akasema hayo tu.

Ningemwamini, dada. Lakini umuone anavyosoma barua za yule mama. Anasimama dirishani penye mwanga, anasoma, anacheka peke yake. Mimi namjua Wilbert na vicheko vyake vyote, cha sokoni, cha kanisani anachokibana puani, cha kitandani. Hicho cha dirishani sikijui. Na amenunua koti kwa familia ya Kigoa inayohama Mtaa wa Mkunguni, koti zito la sufu, amelitundika nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango naona mwanamume amesimama pale anajiandaa kuondoka.

Umri wa Bi Annelies hauna maana.

Mdogo wako, Evarista


Kariakoo
2 Juni 1974

Dada Klara,

Shikamoo. Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Eliasi hajambo, amepata jino jingine.

Leo nimefanya kitu kibaya. Wilbert amekwenda misa ya kwanza na mtoto, nami nikabaki kupika. Nikafungua Biblia anamoweka barua za Bi Annelies. Kiswahili anakijua yule mama, na zile kadi fupi za picha huwa zimeandikwa Kiswahili, nimezisoma zote, za mbwa wake na theluji yake. Ila barua ndefu humwandikia kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kiliishia kwenye hiki ni kitabu, ile ni ng'ombe. Lakini jina la mtu ni jina la mtu. Nimelikuta jina langu mara mbili. La Eliasi mara moja. Na chini, karibu na mwisho, nimelikuta la Celina.

Dada, mimi na Wilbert hatulitaji jina hilo. Tangu tulipotoka makaburini miaka mitatu iliyopita hajalitamka mbele yangu, wala mimi mbele yake. Nilidhani ndiyo makubaliano yetu, ingawa hatukuyasema. Nikilala nikaota mtoto nalia kimya, yeye anageukia ukuta. Kumbe analo neno la kusema kuhusu mwanangu, na amekwenda kumwambia Mzungu.

Angenichukulia mwili ningejua la kufanya, wanawake wa Kariakoo wangenifundisha kwa siku moja. Sasa huyu amechukua nini? Nimgombeze kwa lipi? Miaka mitatu wamekaa bega kwa bega kwenye Landrova, asubuhi mpaka jioni, wakiongea. Mimi mumewe naye tunaongea habari za mafuta ya taa.

Ndio, naona nimeandika mumewe. Sifuti, uone nilivyo.

Sasa nimeapa haendi. Siku zimebaki ishirini na nane. Nitamnyonyesha Eliasi hata barabarani.

Evarista


Ndanda
10 Juni 1974

Evarista mdogo wangu,

Nimepata barua zako mbili kwa siku moja. Hii nampa Tarsis, mtoto wa katekista wetu, anapanda meli Mtwara, atakuletea mkononi. Posta siiamini kwa jambo hili. Paa nimepata. Salamu zimetosha.

Nitakuandikia mara moja tu, usinijibu kwa hili na tukionana usiniulize.

Kwanza, Celina alikufa kwa surua. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kukusaidia, nilimshika mimi wewe ulipokwenda kutafuta maji, vipele vilikuwa mpaka ndani ya mdomo. Wiki ile walikufa watoto watano katika mitaa yenu, na baba zao wote walikuwa nyumbani. Mama mkwe wako alisimama msibani akasema mtoto amebemendwa, kwamba Wilbert amekwenda kwa mwanamke mwingine huko safarini wakati mtoto yuko ziwani, ndiyo maana mtoto akanyong'onyea akafa. Alisema mbele ya watu. Wilbert aliapa kwa msalaba kwamba hakugusa mtu. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, na nilikuambia sikioni, ni surua, nawe ukaitikia kwa kichwa kwamba umesikia.

Ulisikia, Evarista. Ukanyamaza. Hukumtetea siku ile, na leo umelichukua neno lile lile umemfungia nalo mguu. Anaogopa kwamba safari yenyewe tu itamuua Eliasi. Wewe unajua kwamba hakumuua Celina, na unamwacha aogope.

Pili, habari za Gaudens. Watu wote wanajua kwamba mume wangu aliondoka mwaka sitini na tano na hakurudi, na wote wanasema alipata mwanamke Mombasa. Nami nimewaacha waseme. Alikuwa amepata kazi bandarini Mtwara, alitaka atangulie miezi mitatu kisha anichukue. Mimi nikaona wivu, na sikuwa na mtu wa kumwonea, nikaionea Mtwara yenyewe. Nikajilaza. Nikasema tumbo, nikasema mgongo, nikasema nina mimba. Akangoja wiki, akangoja mwezi. Kazi ikapewa mwingine. Alipokuja kujua kwamba sikuwa naumwa hakunipiga. Asubuhi moja alikwenda shambani na jembe begani, na jembe tulilikuta njiani. Hakukuwa na mwanamke. Angekuwepo ningemchukia yeye nikapumzika.

Sikuambii mwache aende au mzuie. Nakuambia mwambie ukweli, kisha amue yeye.

Umri wa Bi Annelies una maana. Niandikie.

Klara


Kariakoo
Alhamisi, 27 Juni 1974, asubuhi

Dada Klara, shikamoo yako naitoa nimepiga magoti.

Tarsis alifika Jumamosi, amechoka na bahari, akala sahani mbili akalala mkekani kwetu mpaka jioni. Nimesoma barua yako bafuni juu ya ile ndoo, Eliasi akiwa kifuani. Sitakujibu lile uliloniambia nisijibu.

Bi Annelies ana miaka hamsini na tisa. Ana mvi zote na miguu yake inavimba akikaa sana garini. Nilikuwa sitaki uujue umri wake kwa sababu ungenicheka, na ukinicheka ningelazimika kutafuta jina la hiki kitu kilichokuwa kinanila.

Jumapili baada ya misa nilimwomba Wilbert tutembee mpaka Kivukoni, maana humu ndani kila ukuta una sikio la Mama Sitara. Tukakaa ukingoni tukitazama pantoni ya Kigamboni inapakia. Eliasi alikuwa mgongoni. Nikasema yote bila kumtazama. Shubiri, bafu, ndoo, mara nne kwa siku. Nikasema na la msibani, kwamba nilijua ni surua, nilijua siku ile ile, na sikusimama.

Akaitazama pantoni mpaka ikavuka. Halafu akasema, "La bafuni nilijua tangu wiki ya pili. Mtoto anayeachishwa ziwa hulia. Huyu wako alikuwa ananenepa."

Nikamwuliza mbona alinyamaza na siku zake zinakwisha. Akasema, "Ningesema, ungeniachia. Ningeondoka nimekushinda, na wewe ungebaki humu umeshindwa, na mtoto ananyonya maziwa ya mtu aliyeshindwa. Nikaona afadhali viza ife."

Lakini kwamba nilijua ni surua nikamwacha asemwe, hilo hakuwa analijua, dada. Hilo lilimpata. Aliinuka akaenda akasimama kule wanakonadi samaki, katikati ya kelele zile, akanipa mgongo. Nikadhani ndio basi, nikawa naitafuta njia ya kurudi Kariakoo peke yangu na mtoto. Alikaa huko mpaka mnada wa samaki changu ukaisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamtoa Eliasi mgongoni kwangu akambeba yeye. Tumetembea mpaka nyumbani yeye akitangulia, na Jumatatu mchana kutwa ananikwepa macho. Usifikiri amenisamehe. Anajaribu, namwona anavyojaribu, kama mtu anayepandisha gari mlima wenye matope.

Jumatatu jioni nikamwuliza kuhusu jina lile kwenye barua. Nikamwambia nimezifungua. Akasema siku Celina alipofariki habari zilimkuta Utete, akashindwa kushika usukani. Bi Annelies akamwambia sogea. Akaendesha yeye kutwa nzima, na matope yale, na miguu yake ile, Wilbert amekaa kiti cha bosi analia kama mtoto. Ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyoendeshwa. Yule mama anamwuliza katika barua kama tumepata kuweka msalaba mpya. Ule wa kwanza alisaidia kuuchonga yeye.

Kwa hiyo wivu haujaisha, nisikudanganye. Umebadilika tu mahali. Mwanamke mwingine alimwona mume wangu akimlilia mwanangu. Mimi sikumwona. Nilipofika mlangoni siku ile alikuwa ameshanawa uso.

Nikamwambia, nenda. Akasema mtoto bado ananyonya. Nikamwambia ataendelea kunyonya, tena mkekani mchana kweupe, sirudi tena bafuni, na wewe utakwenda Uholanzi hivyo hivyo, na mama yako akija kuuliza nitamjibu mimi. Sijui nilipata wapi mdomo ule. Jumanne akaenda kuthibitisha kiti. Ndege ni leo saa nne, anaingia huko kesho, siku mbili kabla mhuri haujafa.

Nimempa na zawadi ya kumpelekea Bi Annelies. Nimezunguka maduka ya Kariakoo siku mbili, kanga zenyewe siku hizi za kutafuta kwa tochi, mpaka nikaipata niliyoitaka, nyekundu, imeandikwa MGENI WAKO ANA KWAO. Kiswahili anakijua, atasoma mwenyewe. Wilbert alipoikunjua alicheka, na ni kile kicheko cha dirishani, dada, ndicho chenyewe. Kumbe ni cha mtu anapoandikiwa jambo la utani.

Msalaba sasa utume. Mpe Tarsis akirudi tena, au yeyote.

Eliasi amelala na ziwa mdomoni ninavyoandika hivi, ndiyo maana mistari imepinda. Teksi imefika, naisikia honi, Wilbert ananiita mara ya pili. Naja. Ila nimejiapiza mbele yako wewe, kwamba mtoto huyu akikohoa, akiharisha, akipata joto hata la usiku mmoja, nitambeba nimpeleke hospitali kama watoto wa watu wote, na sitakaa nihesabu vidole baba yake yuko wapi, wala sitamwandikia kumwuliza jana ulilala kwa nani, wala sita... Ananiita mara ya tatu.